Mahakama Imeikataa Posa Yako ya Soda

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, ila ulinilea nikijua kwamba mtoto haanzi maneno na mkubwa wake bila salamu. Na leo maneno yangu ni mengi, mengine machungu, kwa hiyo nimeona nitangulize adabu kabla haijaniishia.

Mahakama imesema Mama hakuwa mke wako.

Hukumu ilisomwa Alhamisi asubuhi kwa njia ya mtandao, kama wafanyavyo siku hizi. Mimi na Mama tuliketi sebuleni hapa Mishomoroni, simu yangu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, yeye amevaa gauni lake la kanisani ingawa kamera tulikuwa tumeizima. Nilimwambia hakuna atakayemwona. Akanijibu, "Mimi nitajiona." Hakimu alisoma kwa Kiingereza, mbio mbio, kama mtu mwenye kesi nyingine nyingi zinazomngoja, na bila shaka alikuwa nazo. Alipomaliza, Mama alinigeukia.

"Amesemaje?"

"Amesema nyumba ni yangu," nikamwambia. "Kwa kuwa ndimi mtoto wenu wa pekee."

Akatabasamu, akasema Mungu ni mwema. Kisha akauliza, "Na mimi?"

Baba, niliikodolea macho ile chupa ya chai. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema kwamba mimi nikinyimwa neno nitalikopa kwa jirani. Siku ile sikupata la kwangu wala la kukopa. Mama alinitazama, akaelewa, akainuka kwenda jikoni, nikasikia akiosha vyombo ambavyo alikwisha kuviosha.

Hebu nikueleze ilivyokuwa, maana mambo haya yote yametokea wewe hupo. Baada ya kukuzika, Mama alikwenda kwa chifu kuomba barua ya kufungulia mirathi. Chifu akaandika bila kusita: marehemu ameacha mke mmoja na binti mmoja. Karatasi ikafika mahakamani, na kabla haijakauka wino, ndugu yako Katana akaweka pingamizi. Ndiyo, Katana, baba yangu mdogo, yule yule aliyekuwa akija kila Jumapili baada ya ibada na kula wali wa nazi wa Mama mpaka afungue kifungo cha suruali. Miaka yote alimwita "shemeji." Kwenye hati yake ya kiapo akamwita "huyo mama aliyekuwa akiishi na marehemu." Akataka yeye ndiye asimamie mali yako, akatoa sababu kwamba wewe hukupeleka mnazi, lile tembo la posa, kwa wakwe, na kwa Mgiriama mnazi usipopelekwa, hapana mke.

Niliposoma hapo nilicheka, Baba. Nakiri. Nilicheka kwa sauti nikiwa ofisini Changamwe, mpaka wakala wa forodha ninayemfanyia kazi akainua kichwa. Nilidhani ni upuuzi ambao mahakama itautupa siku ya kwanza. Sikujua kwamba kisa ulichokuwa ukitusimulia kila Krismasi kwa vicheko ndicho kitakachokuja kutunyonga.

Ulikuwa ukikisimulia ukiwa umekaa kizingitini, mguu wako mbovu umeunyoosha, na Mama akijifanya hasikii. Kwamba ulimpenda binti wa mgema. Kwamba Babu, baba yake Mama, alikuwa mgema hodari kule Kaloleni, anapanda minazi alfajiri na jioni, na mnazi wake ulinywewa katika posa za watu wote wa kijiji kile. Kisha akaokoka. Siku hiyo hiyo, ulisema, alishuka na vibuyu vyake, akavimwaga mbele ya kanisa, akaipeleka kotama yake, kisu cha kugemea, kwa mhunzi ikafuliwe jembe. Wenyewe wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Babu hakungoja sifa, alilimwaga lote.

Na wewe, kijana uliyependa, ukawa unakwenda kuposa kwenye ua huo! Wazee wako walikuwa wameandaa kadzama, kibuyu cha mnazi cha posa, kama walivyofanya baba zao. Babu akatuma mtu njiani: mnazi ukivuka ua wangu, msichana simtoi. Wazee wako wakakasirika, wakataka kurudi. Wewe ukawaacha chini ya jua, ukatembea hadi dukani, ukanunua kreti sita za soda ya machungwa kwa mshahara wako wa kwanza wa bandarini Kipevu. Ukazibeba kwa mkokoteni. Zilikuwa za moto, ulisema, na chupa ya kwanza ilipofunguliwa ilimrukia Babu kifuani, akaiombea hivyo hivyo huku shati likimtiririka. Kisha akainywa. Akampa bibi, bibi akampa Mama, Mama akakuletea wewe. Wazee wako nao wakanywa, wengine kwa kinyongo, wengine kwa kiu. Ukatoa fedha za mbuzi na blanketi la bibi. Babu akasema mbele ya watu wote, "Mtoto wangu ni wenu."

Hapo ndipo Mama alipokuwa akishindwa kujizuia. "Na soda yenyewe," angesema, "ilikuwa tamu kama dawa ya kikohozi."

Kisa hicho ndicho alichokitoa mahakamani. Alisimama kizimbani na kitambaa chake cheupe, akasimulia yote bila kupunguza: Babu, wokovu, mkokoteni, shati. Alidhani anawaeleza watu namna alivyoolewa. Kumbe alikuwa akikiri.

Kwa maana Katana alileta mzee wa mila. Sitamtaja jina, ni mtu mzima, na mvi zake naziheshimu hata kama ushahidi wake siuheshimu. Akaulizwa na wakili wa Katana, je, soda yaweza kuwa posa? Akajibu polepole, "Soda ni kiburudisho. Posa ni mnazi. Kadzama ndiyo mlango. Usipopita mlangoni, ukiingia kwa dirisha, hata ukae humo miaka mia, wewe hujakaribishwa."

Hakimu aliinamisha kichwa akaandika. Niliona kalamu yake.

Wakili wetu ni mwanamke mpole wa Kisauni, lakini siku ile alinifurahisha. Alimwuliza, "Mzee, wewe unatumia mnazi?"

"Nimeacha. Nina sukari."

"Na binti yako wa mwisho, aliposwa na mnazi?"

Mzee akakohoa. "Mkwe wangu yuko ng'ambo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo thamani ya kadzama ilitumwa kwa simu."

Watu waliangua kicheko mpaka karani akagonga meza. Nilikuwa na hakika tumeshinda. Ikiwa mnazi waweza kugeuka ujumbe kwenye simu na mtu akawa ameolewa, mbona usigeuke soda mbele ya wazazi, wazee, sala na mashahidi? Lakini sasa nimesoma hukumu yote, kurasa zote, na jibu hilo la mzee halikutusaidia. Hakimu ameandika kwamba simu ilibeba thamani ya mnazi, ila soda haikubeba thamani yake, ilikuja kuuondoa. Wakili alimsomea kifungu cha sheria ya ndoa kinachosema mahari kidogo tu ya ishara yatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Hakimu akasema ishara lazima iwe ya kitu ambacho mila inakijua. Blanketi na fedha za mbuzi akaviita zawadi.

Kazi yangu, unajua, ni kusoma makaratasi ya mizigo. Nimeona kontena likizuiliwa wiki nzima kwa sababu karatasi inasema mchele na gunia linasema wali mbichi, na watu wazima wenye akili wamesimama mlango wazi wanauona mchele ule kwa macho yao. Ndivyo alivyosoma maisha yenu.

Bi Zuhura naye alitoa ushahidi. Jirani yetu huyo, ambaye ukuta wake ndio ukuta wetu, alijitanda buibui lake jipya akaja. Akaulizwa anajua nini kuhusu ndoa hii. "Mimi si wa kabila lao, na dini yao si yangu," akasema, "lakini wallahi, mwanangu, hawa ni mke na mume. Ukuta ule ni mwembamba. Mumewe akikohoa usiku namsikia mke akiinuka kumpashia maji. Akichelewa kazini nasikia mlango ukifunguliwa na kufungwa, mtu anatoka kutazama njia. Ati nini tena mwataka kujua?"

Hukumu inasema shahidi huyo ni mkweli na mwenye heshima, ila si mjuzi wa mila za Kigiriama. Basi. Ukweli wake ukawekwa kando kama kiatu mlangoni.

Kulikuwa na njia nyingine, na wakili wetu aliiomba: kwamba watu wakikaa pamoja muda mrefu, wakajulikana na ulimwengu kuwa mke na mume, sheria iweze kuwachukulia hivyo. Zamani, anasema, mahakama zilikuwa karimu kidogo kwa jambo hili. Siku hizi zimekaza, zinasema dhana hiyo ni ya kutumiwa kwa nadra sana. Hakimu akaandika kwamba ninyi wawili mlikusudia ndoa ya kimila, mkashindwa kuitimiza, na mahakama haiwezi kuwaozesha watu ambao mila yao haikuwaozesha. Nilirudia sentensi hiyo mara kadhaa. Ni sentensi iliyonyooka vizuri. Nikatamani kuichana.

Je, unakumbuka siku chuma cha kufungia makontena kilipokuangukia mguuni kule Kipevu? Hukumbuki, ulikuwa umezimia. Mimi nakumbuka. Nilikuwa darasa la sita, bado nimevaa sare. Daktari alitoka na fomu mkononi, akauliza, "Mke wake yuko wapi? Tunataka sahihi tumtie kisu." Katana alikuwepo, amesimama karibu nami. Unajua alifanya nini? Alimsukuma Mama mbele. "Huyu hapa mkewe." Mama akatia sahihi palipoandikwa mke. Siku ile hakuna aliyesema ngojeni kwanza, mnazi haujaletwa. Mguu ungeoza, ndugu yako angeulinda mlango wa kadzama? Tulipomkumbusha mahakamani, alisema ilikuwa dharura. Kumbe Mama alikuwa mke wa dharura! Mke wa kuosha kidonda, mke wa kutia sahihi, mke wa kupika matanga yako na kunyolewa nywele. Ikifika zamu ya karatasi, yeye ni nani tena?

Na sasa wasomi wameingia. Jumapili gazetini nimekuta uchambuzi wa wakili mmoja, nusu ukurasa mzima, picha yake na tai. Anaisifu hukumu. Anasema imeleta uhakika katika sheria. Anasema imeziba mwanya wa wanawake wanaojipachika kwa marehemu. Anasema, hili ndilo lililonitoa machozi ya hasira, kwamba hakuna aliyedhulumiwa, kwa kuwa mtoto amerithi nyumba na bila shaka atamtunza mama yake.

Bwana wakili, ikiwa macho yako yatapita hapa, kwa kuwa barua hii nimeamua isomwe na watu: mama yangu hakujipachika popote. Aliombwa, akatolewa na baba yake mchana kweupe. Uhakika gani unaousema? Tembea Junda, tembea Mishomoroni, vuka Likoni, njoo Changamwe, uulize wanawake waliookoka kilinywewa nini siku ya posa yao. Wako walioposwa kwa soda, kwa sharubati ya ukwaju, kwa chai ya maziwa, kwa bahasha ya pesa iliyoandikwa "mnazi." Wote hao walilala jana wakiwa wake za watu. Leo kila mmoja mume wake akifa, shemeji anaweza kuamka na kuuliza chupa ilikuwa na nini ndani. Huo ndio uhakika mliotuletea. Wanaume wamebaki vile vile, hakuna hata mmoja ambaye ndoa yake itachunguzwa mkewe akifa kwanza.

Tena mila yenyewe, mnaijua kuliko Babu? Yeye alikuwa mgema. Aliupanda, aliugema, aliupeleka kwenye posa za watu. Akajua unachofanya mnazi: ni kitu kinachopita mkono kwa mkono mbele za watu, mpaka kimfikie msichana, naye akampa anayemtaka. Akabadilisha kilichomo chupani, akaacha mikono ile ile. Mahakama ikatazama chupa.

Nawe, Baba. Usidhani nimekusahau katika hasira zangu.

Kwa nini hamkwenda kanisani? Najua utasema. Arusi ilipangwa, Babu akafariki, fedha zikaishia kwenye matanga. Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi. Mwaka mwingine ukapata kiwanja. Ukawa unasema, "Tupandishe kuta kwanza, tutaapa tukiwa na paa." Paa likaja, mguu ukavunjika. Kila Pasaka Mama alibaki kwenye benchi wenzake wakienda kwenye meza ya Bwana, kwa sababu kanisa lilisema ndoa yake ni ya kimila. Nilikuwa nikimwona amekunja mikono mapajani, ameinama, nami nikidhani anasali. Kanisa likasema ameolewa kimila mno. Mahakama imesema hakuolewa kimila vya kutosha. Na wewe katikati hapo ulihitaji siku moja tu ya kutoka kazini mapema, uende kwa msajili wa ndoa na kitambulisho chako, ukaandikishe. Siku moja, Baba! Nilikuuliza nilipoanza kazi, unakumbuka? Tulikuwa tunapaka chokaa ukuta wa nyuma. Ukaniambia, "Mwanangu, nani asiyejua kwamba huyu ni mke wangu?" Nikaona ni jibu zuri. Nilikuwa mjinga kama wewe.

Nakupenda, lakini katika hilo ulikosea, na anayelipa si wewe.

Unataka kujua anavyolipa? Jumatatu nilirudi kazini nikamkuta amesimama uani na ndoo ya chokaa, haijafunguliwa. Nikamwuliza mbona hapaki. Akasema, "Nilikuwa nakungoja. Nikuulize kwanza kama unataka rangi hii hii." Alisema kwa upole, bila kejeli, na hicho ndicho kilichoniumiza. Mama yangu, aliyechota maji ya kufinyangia udongo wa nyumba hii akiwa na mimi mgongoni. Wewe ulikuwa ukipiga hodi kwenye mlango wako mwenyewe, ukiita, "Hodi, mwenye nyumba!" mpaka aitikie karibu ndipo uingie. Sasa yeye ananiomba mimi ruhusa. Nilimnyang'anya ndoo nikaimwaga mtaroni, kisha nikalia, kisha nikaenda kununua nyingine. Watu wanatupongeza, Baba. "Mmeshinda! Katana hakupata kitu!" Ni kweli Katana hakupata kitu. Jiwe lake liliikosa nyumba aliyoilenga, likampata Mama.

Ndipo akaja mjomba Charo, kaka yake Mama, na habari aliyoiona ya wokovu. Alikuwa amekaa na wazee wa ukoo wa kwao. Wamekubaliana kwamba jambo hili linaweza kurekebishwa. Mtoto wa marehemu anaweza kupeleka kadzama kwa niaba ya baba yake, wazee wapokee, wanywe, mambo yaandikwe, yapigwe picha, tukate rufaa tukiwa na mnazi mkononi. Hata mkuu wa kanisa, alisema, atafumba jicho moja.

Nitakuambia ukweli. Nilikubali. Sikumwuliza Mama. Nilikwenda mwenyewe kwa mgema Junda nikaagiza, nikawa ninajisikia shujaa, kwamba mimi binti nitamtolea mama yangu posa, nizibe midomo ya wote. Nilimwuliza wakili, akafikiri sana, akasema huenda ikasaidia, hana hakika. Siku ya pili nikamwambia Mama, nikiwa na furaha.

Alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua macho.

"Mnazi huo utanywewa lini?"

"Jumamosi."

"Basi Jumamosi ndiyo nitakayoolewa."

"Mama, ni karatasi tu. Ni ya mahakama."

Akaweka mchicha chini. Baba, hujapata kumsikia akiongea vile, nami sikuwa nimemsikia. "Ukinitolea mnazi leo, umekubaliana na Katana. Umesema siku zote hizo zilikuwa bure, nilikuwa nimekaa tu. Baba yangu alinitoa kwa mkono wake, umesikia? Akamwambia baba yako, mtoto wangu ni wenu. Leo mimi nimtukane kaburini, niseme hakujua alichokuwa akifanya, kwa sababu ya nyumba? Na wewe, nilikuzaa nikiwa nani?"

Mjomba Charo, aliyekuwa amekaa kando, akavaa kofia yake, akavua, akavaa tena. Kisha akasema, "Dada, sikulitazama hivyo." Nami sikuwa nimelitazama hivyo. Nilimpigia mgema nikamwambia awauzie wengine.

Kwa hiyo tumekata rufaa mikono mitupu, Baba, na hii ndiyo habari niliyokuwa nikitaka kukufikishia. Hatuna kipya cha kuwapa majaji. Tuna soda ile ile. Wakili ametuambia wazi kwamba tunaweza kushindwa, na tukishindwa juu huko, hukumu itawafunga na wengine, maana mahakama za chini zitaifuata. Nilimweleza Mama hatari hiyo, kwamba si yake peke yake sasa. Akasema hao wengine pia wana baba zao waliowatoa.

Jana tulikwenda ofisini kwa wakili kutia sahihi hati ya kiapo. Karani alikuwa amekwisha kuichapa. Mama aliomba asomewe kwa Kiswahili, neno kwa neno. Karani akaanza: mimi fulani, mkazi wa Kisauni, mama mzazi wa mrithi wa marehemu. Mama akamsimamisha.

"Hapo umeandika nini?"

Wakili akaeleza taratibu kwamba kwa sasa, hukumu ikiwa bado imesimama, ni salama kuandika hivyo. Hakimu amekwisha kusema. Tukiandika vingine, upande wa pili utapinga, na jaji atauliza.

"Andika mjane," Mama akasema.

"Mama, jaji atauliza, mjane kwa misingi gani?"

"Akiuliza, mwambie mume wangu amekufa."

Karani alimtazama wakili, wakili akatikisa kichwa kukubali, na nikasikia vidole vikigonga mashine. Mama alitia sahihi. Palipoandikwa mjane.

Lala salama, Baba. Nimekukasirikia, na nimekukumbuka, vyote pamoja, na sijui kipi kitatangulia kuisha.

Ni mimi binti yako, niliyezaliwa na mkeo.